Kijiko cha Shemeji

Machi 9
Mvua imeanza leo, na leo hiyo hiyo Mwandishi ameniambia nitamuua mama mkwe wangu kwa sumu. Mama mkwe wa kwenye tamthilia, maana mimi mwenyewe sina mke wala mkwe. Nina mama yangu tu, chumba cha pili, anakoroma vizuri ninapoandika haya. Huu ni mwaka wa sita naigiza Shemeji, na mtaani hakuna anayekumbuka jina nililopewa na wazazi. Muuza mkate ananiita Shemeji. Watoto wananiita Shemeji halafu wanakimbia. Nimezoea. Mwenye sura ya kutisha hakosi kazi katika fani hii, na sura hii na ndevu hizi Mungu alinigawia bila kupima.

Mwandishi wetu ni mama wa makamo anayetafuna karanga kutwa nzima. Kwake yeye dunia yote ina watu watano: shujaa, adui, msaidizi, mchekeshaji na wa kufa. Waliobaki anawaita wapita njia. Bi Kizee, mama mkwe wangu, zamu hii ndiye wa kufa. Nilimkumbusha kwamba mwaka juzi nilishamtilia mtu sumu. Akasema ile ilikuwa kwenye chai, hii itakuwa kwenye supu.

Machi 11
Mvua. Paa la studio linavuja juu ya kamera. Tumerudishwa nyumbani.

Machi 13
Leo nimefanya kazi nzuri kuliko zote nilizofanya katika miaka sita, acha nijisifu hapa ambapo hakuna wa kunicheka.

Tulikuwa tunafanya mazoezi ya ile supu. Nikamlisha Bi Kizee mara tatu, na mara zote tatu Mwandishi akatikisa kichwa. "Unamlisha kama unajaza tangi," akasema. "Mtazamaji akishaiona sumu usoni kwako, anacheka. Mimi nataka mapenzi. Kwenu unamlishaje mama yako?"

Basi nikamwonyesha. Nikapuliza kijiko mara mbili. Nikakigusisha kwenye mdomo wangu kwanza nione kama ni cha moto. Nikasema yale ninayosema kila jioni nyumbani: "Kijiko kimoja tu, mama. Kwa ajili yangu." Alipomeza, nikamfuta kidevu kwa kidole gumba. Mpambaji akatoa leso. Mwandishi akaacha karanga, akaandika kila kitu, mpaka lile la kidole gumba.

Nikarudi nyumbani nimejaa kama jogoo. Mama alikula vizuri, na dawa zake tatu, mbili za presha na moja ya sukari, zikapita ndani ya supu kama kawaida. Ni miaka miwili sasa tangu kumbukumbu zianze kumtoka. Jina la dada yangu limeshapotea, la marehemu baba linakuja na kuondoka. Lakini chakula cha mkononi mwangu hakijawahi kukataliwa.

Machi 16
Tumepiga picha ile sehemu ya supu. Mara moja tu, ikakubaliwa. Tungemaliza asubuhi kama Shujaa asingechelewa kwa saa mbili. Huyo ndiye anayeigiza mwana mwema wa Bi Kizee, na hata nje ya kamera tunamwita Shujaa kwa sababu anaitika. Anatembea na kioo mfukoni. Ameniambia, huku akijitazama humo, kwamba nimeigiza vizuri kwa mtu wa aina yangu.

Machi 20
Mvua. Mama ameniuliza kama baba amerudi kutoka kazini. Nimesema bado.

Machi 27
Ile sehemu ya supu imeonyeshwa jioni hii.

Sikuwepo. Tulikuwa studio, na niliingia nyumbani baadaye kidogo, nimelowa chapachapa. Jirani, mama mjane wa mlango wa pili anayekaa na Mama mchana, alikuwa amejifunga kanga yake tayari kuondoka. "Leo kaangalia mpaka mwisho," akaniambia. "Katulia mno. Sijamwona katulia vile."

Nikapasha supu. Nikasaga dawa, nikaketi mbele yake. Nikapuliza mara mbili, nikagusisha mdomoni mwangu. Macho yake yakafuata kijiko kikienda na kurudi. Nikasema, "Kijiko kimoja tu, mama. Kwa ajili yangu."

Akanitazama usoni kwa muda mrefu. Nimetazamwa hivyo na watu wengi sokoni na kwenye foleni, ila si na yeye. Kisha akalisukuma bakuli kwa mikono miwili, supu yote ikanimwagikia mapajani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu siku nyingi, sasa amekipata.

Nikacheka, mjinga mimi. Nikamwambia, "Mama, ule ni mchezo. Ni kazi yangu ile." Akajibu, "Najua ni kazi yako." Nikajaribu mkate. Akaunusa akaurudisha. Nikajaribu maji, akayamwaga. Akaenda kulala na njaa, akauegemeza mlango kiti kwa ndani.

Nimekaa jikoni na suruali iliyolowa supu. Nimewapa yale maneno. Yalikuwa yetu wawili tu, mimi na yeye, na nikayatoa ili nipigiwe makofi na mpambaji.

Machi 28
Hajala. Hajanywa dawa.

Machi 29
Dada kapiga simu kutoka huko mbali aliko. "Si umwambie tu ni maigizo?" Kana kwamba nimekaa hapa nauza nyanya. Nimemwambia mara arobaini. Mwishowe nikamletea maandishi yenyewe, kurasa zenye jina la tamthilia juu, nikamwonyesha kila neno langu limeandikwa na mtu mwingine. Mama bado anasoma vizuri, kusoma hakujamtoka. Akaweka kidole chini ya mstari akasoma kwa sauti, polepole: "Shemeji anatia sumu kwenye supu. Anatabasamu."

Akanirudishia karatasi. "Mpaka umeandika," akasema.

Machi 30
Nimeificha runinga. Akalia kutwa, akauliza watu wake wamekwenda wapi. Hao ndio watu pekee ambao majina yao hajayasahau: Bi Kizee, Shujaa, Shemeji. Alasiri Jirani kamkuta barabarani kwenye mvua, miguu mitupu, anawatafuta. Nimeirudisha.

Jambo baya zaidi ni kwamba kila sehemu mpya huanza kwa kurudia ya nyuma. Kila jioni, saa moja kamili, napuliza kijiko mbele ya macho yake. Mambo mengine yote anayasahau kabla ya kulala. Hili wanamkumbusha.

Aprili 1
Afadhali. Anakula kwa Jirani. Napika asubuhi, natoka, Jirani anampa kama chake. Dawa zinaingia. Nimelala usingizi.

Aprili 2
Nimeandika "afadhali" mapema mno. Leo Mama aliamka kabla ya saa yake, akatukuta mlangoni namkabidhi Jirani sufuria. Akamtazama Jirani, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe mko wawili." Sasa hata cha Jirani Mama hali. Jirani wa watu amelia. Amekaa na Mama miaka miwili bila hata siku moja kunung'unika, na leo ameitwa kibaraka wa adui.

Aprili 4
Hospitali. Nesi alipotuita aligeuka kumnong'oneza mwenzake, "Ndiye yule." Daktari akaipima presha mara mbili kwa kuwa ya kwanza hakuiamini. Akauliza nani anamlisha. Nikasema mimi. Nesi akakichukua chombo changu cha supu, akakifungua, akakinusa. Nilimwona. Alipoona nimemwona akajifanya anatafuta kifuniko.

Daktari ni mtu mpole. Amesema asipokula na kunywa dawa ndani ya siku tatu, wamlaze na kumpitishia mpira puani. "Lakini kwa akili yake ilivyo," akasema, "sipendi. Watu kama yeye wakilazwa na kufungwa mikono wasichomoe mpira, wengi hawarudi walivyokuwa." Walimtundikia chupa ya maji ya mshipa kwanza. Mama alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu ananiua, daktari." Kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwasalimia wageni.

Siku tatu. Nimesali. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Aprili 5
Mfa maji haachi kutapatapa. Nimekwenda kwa Mwandishi, nikamwomba Shemeji atubu.

"Shemeji?" akasema. "Adui akitubu, shujaa atabaki na kazi gani?"

"Atafute kazi nyingine."

"Unajua tuko wapi? Tumeshapiga picha za mpaka wiki ya tatu ya mwezi. Hata nikiandika leo, itaonekana tarehe ishirini na nne."

"Mama yangu hali," nikasema. "Kwa sababu ya yale maneno uliyonichukulia."

Aliacha kutafuna. "Ulinipa mwenyewe," akasema, na ni kweli. Nilipiga magoti palepale kwenye nyaya na maganda ya karanga. Mtu mzima wa miaka arobaini na minne. Mwongozaji akapita akadhani tunafanya mazoezi, akasema vizuri sana, ila nishushe mabega.

Mwandishi akaniambia niinuke. Amekubali kuandika. Tarehe ishirini na nne. Mama yangu ana siku mbili.

Aprili 6
Lililobaki lilikuwa moja na sikulitaka. Nimemwomba Shujaa.

Nilimkuta mbele ya kioo. Nikamweleza yote, nikisubiri anicheke. Aliuliza kitu kimoja tu: "Yule mama ananijua kwa nguo gani?" Nikasema koti la kijivu. Akaenda chumba cha mavazi akalichukua bila kuomba ruhusa, tukatoka kwenye mvua.

Mama alipomwona aliinuka. Hajamwinukia mgeni yeyote tangu mwaka jana. "Umechelewa," akamwambia. Nilijificha jikoni nikasikiliza. Shujaa akasema, "Njia mbovu, mama." Akaambiwa afute viatu. Akafuta. Akaambiwa hajafuta vizuri. Akafuta tena. Kisha nikasikia kijiko kikigonga bakuli, kikagonga, kikagonga, na nikahesabu mpaka ishirini na sita nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye jokofu. Dawa zote tatu zimeingia.

Alipotoka alinikuta nalia. Sikujali. Akanikabidhi bakuli tupu akasema, "Anasema ufukuzwe nyumba hii." Nikasema sawa.

Aprili 7
Kala.

Aprili 8
Kala. Presha imeshuka.

Aprili 10
Kala viazi na yai. Shujaa anakuja kila siku kabla ya kwenda studio na anarudi jioni. Kwa hiyo sasa hachelewi tena. Mwongozaji anadhani ni nidhamu.

Aprili 13
Nilikuwa nimemweka huyu mtu kwenye fungu la watu wanaopenda vioo. Leo tumekaa jikoni tukisubiri Mama aamke, nikamuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema barabarani watu wanamkumbatia, wanawake wazima wanamwombea dua, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyemwambia viatu vyake vichafu. "Mama yako ananigombeza," akasema. "Jana kaniambia nimenenepa."

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Niliwahi kumwita kinyago mbele ya watu, na alisikia.

Aprili 15
Sitaki kuandika hili lakini nitaandika. Nina wivu. Leo nilichungulia kwa upenyo wa mlango, nikamwona Mama akimpapasa Shujaa shavu na kumwita kwa jina langu la utotoni, lile ambalo hata dada hakumbuki. Jina bado analo. Amempa mtu mwingine tu.

Halafu nikaona bakuli lilikuwa tupu, nikajiambia nyamaza.

Aprili 19
Shujaa anasafiri kesho kutwa. Amepata filamu, miezi mitatu, mji mwingine. Alikuja kunieleza akiwa hana kioo mkononi. Alisema anaweza kuwakatalia. Nilimwona usoni kwamba kweli angekataa. Nikamwambia aende. Tarehe ishirini na nne iko karibu, Shemeji atapiga magoti, Mama ataona, yataisha. Nilimwambia kwa uhakika kabisa. Mimi ni mwigizaji.

Aprili 22
Tangu Shujaa aondoke amekula ndizi mbili alizozimenya mwenyewe. Kitu chenye ganda anakubali. Dawa haina ganda.

Aprili 24
Nimeoga mapema. Nimevaa shati safi. Jirani alikuja kukaa nasi, Mama akimkubali kwa kuwa ameshasahau ule usaliti wa sufuria, mimi nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Mvua ilikuwa inapiga bati, tukapandisha sauti.

Niseme kweli, nililia kweli siku ya kupiga picha ile. Sikuhitaji kukumbuka kitu cha huzuni wala kutiwa maji ya kitunguu. Nilipiga magoti mbele ya kitanda ambacho sumu ilimlaza Bi Kizee, nikamwona mama yangu, nikaomba msamaha kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa mbele ya kamera. Hata mafundi wa taa waliinamisha vichwa.

Mama alitazama yote bila kupepesa. Jirani alikuwa anajifuta machozi. Nikasubiri. Ilipokwisha, Mama akakohoa kidogo, akamgeukia Jirani.

"Huyo anaigiza tu," akasema.

Mwezi mzima nimemwambia ni maigizo akakataa, na leo, siku moja niliyosema kweli, amegundua ni maigizo. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Nilicheka, nadhani. Jirani alikuja kunivuta mkono akisema nitaugua na mimi, halafu nani atamwangalia nani.

Aprili 26
Ndizi nusu. Miguu imeanza kuvimba.

Aprili 27
Daktari kwa simu: Jumatatu asubuhi nimlete alazwe. Hakutaja mpira. Hakuwa na haja.

Dada: "Labda ungemweka tu mahali, mdogo wangu. Umejitahidi." Nikamkatia simu. Nitamwomba radhi siku nyingine.

Aprili 28, Jumapili
Asubuhi nimekaa kitandani nikafikiri kama Mwandishi, kwa sababu mimi wangu wa kawaida ameshindwa. Shujaa hayupo. Adui hasameheki. Mchekeshaji siwezi. Wa kufa anajulikana. Amebaki msaidizi, yule anayeingia na sinia na hakuna anayemtazama usoni. Katika miaka ishirini ya kazi hii sijapewa nafasi ya msaidizi hata siku moja. Mwongozaji wa kwanza aliniambia nikibeba sinia watu watajua kuna kisu chini yake.

Ni kwa sababu ya ndevu. Ndevu hizi zimo kwenye mkataba: nisizipunguze hata kidole bila ruhusa, maana tunapiga picha vipande vipande, na mtu hawezi kuingia mlangoni na ndevu akatokea upande wa pili bila. Na Ijumaa niliingia mlangoni. Jumanne ndiyo natokea upande wa pili.

Nimenyoa. Zote, na nywele za kichwa juu yake. Sinki limejaa miaka sita ya Shemeji.

Nikampigia Shujaa. Akaelewa kabla sijamaliza. Akampigia Jirani, akamwomba ampe Mama simu, sauti nikaisikia kutoka chumbani: "Mama, niko safarini. Nakutumia mtu wa jikoni. Mtu mzima, mtaratibu, hana maneno mengi. Muamini kama mimi." Mama akauliza kama huyo mtu anafuta viatu. Akaambiwa anafuta.

Nimefuta viatu nikaingia. Nilikuwa nimeazima mwendo wa mzee anayefagia studio yetu, anayeburuta kandambili na kutazama miguu ya watu. Sauti nikaipandisha puani. Nikasema, "Shikamoo, bibi." Bibi, si mama. Sikupuliza kitu. Sikugusa kijiko na mdomo. Niliweka bakuli mezani, nikarudi nyuma hatua tatu, nikaanza kupanguza dirisha ambalo halikuwa na vumbi.

Dakika nyingi zikapita. Nilikuwa napanguza kioo kile kile. Kisha nikasikia kijiko.

Aprili 30
Kala peke yake, kwa mkono wake. Dawa zimepita. Daktari amesema tusubiri, asilazwe kwanza.

Studio wamenijia juu. Mpambaji alijaribu kunibandika ndevu za bandia, Mwongozaji akasema nafanana na mbuzi wa kuazima. Akauliza nilikuwa na akili gani. Nikamwambia nilikuwa na njaa, akadhani namkejeli. Mwandishi alikitazama kidevu changu kitupu, akasema, "Shemeji atafia barabarani. Ajali. Simu itapigwa, basi." Miaka sita, mistari miwili. Akanitilia konzi ya karanga mkononi, nikaondoka nazo.

Mei 3
Kala.

Mei 5
Kala. Amenifundisha kukunja shuka. Shuka ambazo yeye mwenyewe alinifundisha kukunja nikiwa na miaka saba, na kwa kuwa mtu wa jikoni hajui, nilizikunja vibaya mpaka akaniambia mikono yangu ni ya mgema.

Mei 8
Mvua inapungua. Asubuhi jua kidogo. Mama kaniuliza, "Wewe, kwenu wapi?" Nikasema si mbali.

Nilikuwa nadhani nitajaribu kidogo kidogo. Leo mwendo wangu, kesho sauti, keshokutwa "mama" badala ya "bibi", mpaka siku moja anitambue na asiogope. Juzi nilijisahau nikapuliza chai yake. Uso ukabadilika palepale, mkono ukarudi mapajani, na hakula mpaka jioni. Sitajaribu tena. Heri nusu shari.

Mei 12
Kala. Ameongezeka uzito. Uvimbe wa miguu umeshuka.

Mei 17
Siku ya tatu bila mvua. Jirani anasema nimezeeka. Nimemwambia ni kichwa kitupu hiki.

Mei 20
Leo wameonyesha kifo cha Shemeji.

Sikujua kama ni leo. Nilikuwa nimemletea Mama chakula mbele ya runinga, nikasimama pembeni mahali pa mtu wa jikoni. Kwenye tamthilia familia yote ilikuwa mezani inakula. Simu ikalia. Bi Kizee, ambaye sumu haikumuua kwa sababu Mwandishi alimwonea huruma, akasikiliza, akaweka simu chini, akasema, "Shemeji kapata ajali. Kafa." Mtu mmoja akasema Mungu ni mkubwa. Wakaendelea kula. Ukaja muziki.

Mama akaweka kijiko chini.

Nikafikiri atafurahi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilishaupanga uso. Badala yake akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu niingie na kandambili zangu akanitazama moja kwa moja.

"Walimzika?" akauliza.

"Watakuwa wamemzika, bibi."

"Na nani kamlilia?"

"Hakuna niliyemwona."

"Hakuna hata mmoja." Akawaza. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu mapajani. "Alikuwa mwanangu, yule. Hukujua?"

Nikasema sikujua.

"Alikuwa mwanangu. Aliharibika, sijui ni nini kilimharibu, alikuwa mtoto mzuri. Lakini nilimzaa mimi." Akajifunika kanga kichwani. "Mtu hawezi kwenda hivi hivi bila hata mtu mmoja wa kumlilia."

Na akanililia. Mama yangu amelia kilio cha msiba, kwa sauti yote aliyonayo, akiniita jina langu kamili, jina la baba na la babu yakifuata kwa mpangilio bila kukosea. Jirani alikuja mbio mlangoni, akaona, akaziba mdomo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilitaka kuanguka miguuni kwake niseme niko hapa, mama, mimi huyu, sijafa. Neno lilifika kwenye meno. Lakini bakuli lilikuwa nusu, na dawa zote zilikuwa kwenye hiyo nusu iliyobaki.

"Pole, bibi," nikasema, kwa sauti ya puani.

"Nimeshapoa, baba," akasema. "Asante."

Akalia tena kidogo, mpaka kikaisha chenyewe. Akajifuta kwa ncha ya kanga. Akauliza kama chakula kimepoa. Nikasema kimepoa kidogo, nikipashe? Akasema niache tu, nisijisumbue, akachukua kijiko akala chote.